Mratibu asiyetoa amri: jinsi kiinitete kinavyojipatia mgongo

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mliofika, nanyi wanafunzi mliobanana huko nyuma, habari za mchana. Wakubwa zangu, shikamooni.

Kabla sijaanza nina ombi moja. Lile beseni la plastiki juu ya meza ya pembeni, lililofunikwa kitambaa kibichi, lisiguswe kwanza. Ndani yake mna mayai ya chura. Yamerutubishwa leo saa kumi na moja alfajiri, na aliyeamka kuyarutubisha ni mimi, kwa hiyo mkiniona napiga miayo mnisamehe. Sasa hivi ni saa nane na nusu. Nikimaliza kwa wakati mtaona kwa nini nimeifanyia hesabu saa yenyewe.

Chura huyu si yule anayeruka ruka bustanini mvua ikinyesha. Ni wa majini, bapa kidogo, ana kucha nyeusi tatu kwenye kila mguu wa nyuma, na hana ulimi; chakula anakisukuma mdomoni kwa mikono kama mtoto anayelishwa na mwenyewe hataki kijiko. Jamaa zake wamo kwenye mabwawa ya Kenya, Uganda na Tanzania. Aliyepata jina duniani ni yule wa Afrika Kusini, Xenopus laevis, na jina hilo alilipatia mahali ambapo hamtapadhania: kwenye mkojo wa wanawake.

Ilikuwa hivi. Lancelot Hogben, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Cape Town, aliona kwamba chura jike akidungwa dawa iliyotokana na tezi ya pituitari hutaga mayai. Miaka ya 1930 ikathibitika kuwa mkojo wa mwanamke mjamzito una nguvu hiyohiyo. Basi jioni unamdunga chura, unamwacha kwenye chombo chake, asubuhi unachungulia. Mayai yapo? Mimba ipo. Vyura wakasafirishwa kwa maelfu kwenda Ulaya na Marekani, na hadi miaka ya 1960 kulikuwa na hospitali huko zilizofuga vyura kwa kazi hiyo tu.

Sasa tujiulize: kwenye ule mkojo mlikuwa na nini? Mlikuwa na protini inayoitwa hCG. Na hii haitengenezwi na mama. Inatengenezwa na tabaka la nje la kiinitete, lile litakalokuja kuwa sehemu ya kondo la nyuma. Seli za tabaka hilo huimwaga katika damu ya mama, nayo ikifika kwenye ovari huiambia: endelea kutoa projesteroni, usiache ukuta wa mji wa mimba ukabomoka. Yaani mtoto hajawa na moyo, hana mdomo wala sikio, lakini amekwisha kusema neno, na mama amekwisha kulitii bila kujua.

Neno hilo ni protini iliyotemwa nje ya seli. Leo nimekuja kuzungumzia maneno ya namna hiyo, ila si ya mtoto na mama, bali yale ambayo seli za kiinitete huambiana zenyewe kwa zenyewe katika saa za mwanzo, pale panapoamuliwa upande gani utakuwa mgongo na upande gani utakuwa tumbo. Dai langu, ambalo nitalitetea mpaka nishuke jukwaani, ni kwamba katika saa hizo maneno mazito kuliko yote ni yale ya kunyamazisha.

Nianze na njia ya kutokea. Protini nyingi hutengenezwa ndani ya seli na hubaki humohumo. Inayopangiwa kutoka huzaliwa ikiwa na kipande kifupi mwanzoni, kama muhuri wa pasi ya kusafiria. Seli ikikiona, huiingiza protini hiyo kwenye mfumo wa vijia na vifuko, ikakunjwa vizuri, ikavalishwa sukari, kisha ikamwagwa nje. Günter Blobel alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1999 kwa kueleza muhuri huo. Yatosha. Wanaofanya mtihani wa kidato cha sita wanajua mengine, na wasiofanya hawayahitaji leo.

Twende Ujerumani, mji wa Freiburg, mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Huko alikuwapo mwanafunzi wa uzamivu, Hilde Pröscholdt, ambaye tunamfahamu kwa jina la ndoa, Hilde Mangold. Mwalimu wake, Hans Spemann, alikuwa fundi wa kupasua viinitete vya salamanda, mnyama wa majini anayefanana na mjusi lakini ni ndugu wa chura. Vifaa vyake vilikuwa sindano za kioo alizozivuta mwenyewe motoni mpaka ncha ikawa nyembamba kuliko unywele, na kitanzi cha unywele wa mtoto mchanga. Nimejaribu kutengeneza sindano kama hizo. Kati ya kumi, tisa zinavunjika, na ya kumi inakuchoma kidole.

Kiinitete cha salamanda katika umri huo ni kama punje ya mtama iliyojaa seli. Upande mmoja panaanza kuonekana mfinyo, seli zinajikunja kuingia ndani, na ukingo wa juu wa mfinyo huo unaitwa mdomo wa mgongo. Hilde alikikata kipande cha mdomo huo kutoka kiinitete cha salamanda wa rangi hafifu, akakipandikiza upande wa tumbo wa kiinitete kingine, cha salamanda mwenye rangi nyeusi. Zingatieni rangi, maana ujanja wote umo humo. Akasubiri. Vingi vikafa, dawa za kuua bakteria hazikuwapo. Vichache vilivyopona vikaota kitu ambacho bila shaka kilimfanya asogeze jicho tena kwenye hadubini: mgongo wa pili. Pacha aliyebandikwa tumboni, mwenye mrija wa neva na misuli iliyojipanga pande mbili.

Mtu mvivu angesema kipande kilichopandikizwa kimekua, basi. Rangi zikakataa. Kipande cha rangi hafifu kilikuwa kimetoa hasa ule ufito wa katikati ya mgongo, lakini sehemu kubwa ya mrija wa neva wa yule pacha ilikuwa nyeusi. Zilikuwa seli za mwenyeji! Seli zilizokuwa zimekwishapangiwa kuwa ngozi ya tumbo zimeacha mpango huo, zikageuka ubongo na uti wa mgongo, kwa sababu tu ya jirani aliyehamia.

Spemann alikiita kipande hicho kwa neno la Kijerumani lenye maana ya mwenye kupanga mambo. Kwa Kiswahili nilitaka kusema "mpangaji", nikaogopa mtadhani analipa kodi ya nyumba. Tumwite mratibu. Makala ilitoka mwaka 1924, jina la Spemann likiwa la kwanza. Mwaka huohuo Hilde aliungua jiko lilipolipuka, akafa na miaka 25, akiacha mtoto mchanga. Mwaka 1935 Spemann alipewa Nobel kwa kazi ya mratibu. Nobel haipewi marehemu, hilo najua. Ila ninapofundisha somo hili jina la kwanza ninaloandika ubaoni ni la Hilde.

Basi swali likawa: mratibu anawaambia nini jirani zake? Kila mtu alidhani kuna dawa ya kugeuza seli kuwa ubongo, na kazi ni kuichuja tu. Wakamchemsha mratibu mpaka akafa, wakampandikiza: seli bado zikageuka neva. Wakajaribu ini la wanyama wengine. Wakajaribu, huko Cambridge, rangi ya bluu ya methilini, ile ya kupakia vioo vya maabara. Nayo ikafanya kazi! Ilikuwa kama kutafuta aliyeiba kuku ukakuta kijiji kizima kina manyoya mdomoni. Watu wakakata tamaa, na kwa miongo kadhaa swali la mratibu likawa mahali pa kupotezea ujana.

Kosa lilikuwa kwenye swali lenyewe. Walidhani seli ikiachwa peke yake itakuwa ngozi, na kwamba ili iwe neva lazima ilazimishwe. Mwaka 1989 Wajerumani wawili, Horst Grunz na Lothar Tacke, walichukua kofia ya seli za juu za kiinitete cha chura wetu mwenye kucha, zile zinazokuwa ngozi zikiachwa pamoja, wakazitia kwenye maji yasiyo na kalisi. Bila kalisi seli haziwezi kushikana. Zikatawanyika kama ufuta. Wakaziacha hivyo kwa saa kadhaa, kila moja ikielea kivyake, kisha wakazikusanya tena. Zikawa tishu ya neva. Mratibu hakuwapo, wala hakuna dawa waliyotia. Walichofanya ni kuzitenganisha tu zisisikilizane.

Hebu tulikae hilo kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe nilipolisoma mara ya kwanza nililipita bila kulielewa. Kama seli zikitenganishwa zinakuwa neva, na zikiwa pamoja zinakuwa ngozi, basi kuna kitu zinachoambiana zikiwa pamoja. Kuna tangazo linalosema, "Kuweni ngozi, kuweni ngozi." Likikatika, seli inarudi kwenye hali yake ya asili, na hali hiyo ni neva.

Tangazo lenyewe likajulikana: ni protini iitwayo BMP. Kirefu cha jina lake ni protini ya kuunda mfupa, jina ambalo hapa linapotosha. Limetokana na daktari wa mifupa wa Marekani, Marshall Urist, aliyeonyesha mwaka 1965 kwamba mfupa uliotolewa madini ukipandikizwa ndani ya msuli wa mnyama huotesha mfupa mpya mahali ambapo haukupaswa kuwapo. Miaka baadaye kilichomo kikachujwa, na ikaonekana kuwa protini hizohizo zimo kwenye kiinitete kabla hakijawa na mfupa hata mmoja. Mwaka 1995 Paul Wilson na Ali Hemmati-Brivanlou wakafunga mjadala: walizitawanya zile seli za chura, wakatia BMP4 kidogo kwenye maji, na seli zilizokuwa ziko njiani kuwa neva zikawa ngozi.

Tangazo hilo linasikiwaje? BMP ni molekuli pacha, vipande viwili vilivyofungwa pamoja kama kipepeo. Ikifika kwenye utando wa seli huwakamata vipokezi wa aina mbili, yaani protini za kusikilizia ujumbe, na kuwaweka bega kwa bega. Mmoja anambandika mwenzake fosfeti, yule naye anaibandika fosfeti protini ya ndani iitwayo Smad, na Smad inakwenda mpaka kwenye kiini cha seli kuwasha jeni za ngozi. Wasioniamini kwamba ni mwendo mfupi hivyo, wanisubiri kwenye chai.

Sasa turudi kwa mratibu. Huko Berkeley, Marekani, William Smith na Richard Harland walifanya jambo ninalolipenda kuliko majaribio yote ya mada hii. Mayai ya chura yakipigwa mwanga wa urujuanimno mapema baada ya kurutubishwa, kiinitete hakipati mgongo. Kinakuwa kibonge cha tumbo tupu, hakina kichwa wala mkia. Watafiti hawa wakachukua mkusanyiko mkubwa wa jeni, wakaugawa mafungu, wakatengeneza RNA ya kila fungu, yaani nakala ambayo seli huisoma ili itengeneze protini, na kuidunga kwenye vibonge hivyo. Fungu likimpa kibonge mgongo, wanaligawa tena, wanadunga tena. Wakaendelea kugawa hivyo mpaka ikabaki jeni moja. RNA yake kidogo ilirudisha kiluwiluwi kamili. Ikizidishwa, kilitokea kichwa kikubwa ajabu na mwili ukawa mkia wa maneno tu. Wakaiita nogini, kutokana na neno la mtaani la Kiingereza lenye maana ya kichwa. Ilikuwa 1992. Mwaka 1994, Los Angeles, Yoshiki Sasai na Eddy De Robertis wakaleta kordini, iliyokuwa imejaa tele kwenye ule mdomo wa mgongo.

Zote mbili zina ule muhuri wa kutokea nje. Zote mbili zinatemwa na mratibu. Watu wakatafuta vipokezi vyake juu ya seli, kama ilivyo kawaida: protini ya ishara lazima iwe na wa kuipokea. Mwaka 1996 makala mbili zilizotoka pamoja zikaonyesha kwamba kinachoshikwa na protini hizi ni BMP yenyewe, huko nje, kati ya seli na seli, kabla haijafika kwa mtu. Na zinaishika kwa nguvu ya kutisha. Nogini ikishamkamata BMP si rahisi kumwachia. Mwaka 2002 picha ya umbo la nogini ikapatikana, ikiwa imeikumbatia BMP7. Fikirieni mtu amemshika mwenzake kwa nyuma na kumbana mikono yote miwili. Mikono ndiyo sehemu ambayo BMP hushikia vipokezi. BMP ipo, haijavunjika, haijabadilika, ila haina cha kushikia.

Basi mratibu hakuwa na amri ya "kuweni ubongo". Alichokuwa nacho ni mikono ya kuziba mdomo wa mpiga mbiu. Na zile bluu za methilini na maini yaliyochemshwa? Seli za salamanda ziko tayari mno kuwa neva. Pengine kila kilichozisumbua kiliweza kuzikatisha kusikia tangazo.

Mtauliza kama ni kweli tangazo hilo lina uzito hivyo. Mwaka 2005 Bruno Reversade na De Robertis waliziondoa BMP2, BMP4 na BMP7 pamoja na ndugu yao mmoja aitwaye ADMP kutoka kiinitete cha chura. Kilichotokea si kiluwiluwi mwenye ubongo mkubwa. Ni kiluwiluwi asiye na ngozi, aliyefunikwa na tishu ya ubongo pande zote. Mwaka huohuo kundi jingine likafanya kinyume chake, likaondoa nogini, kordini na mwenzao folistatini kwa mpigo, na upande wa mgongo ukakaribia kupotea wote. Zikiondolewa mojamoja madhara huwa madogo, maana zinashikiana zamu. Huu ni mtindo wa kiinitete: kwenye mlango wa maana, kinaweka walinzi watatu.

Nimesema kordini inaikamata BMP. Ila kordini ina mwisho wake. Kuna kimeng'enya kinachozurura huko nje kiitwacho tolodi, kazi yake ni kuikata kordini vipande, na ikikatwa BMP iliyokuwa mikononi mwake inakuwa huru. Kordini inatoka upande wa mgongo, inasambaa ikiwa imebeba BMP, inakatwa njiani na hasa huko mbali upande wa tumbo. Matokeo yake BMP inachukuliwa mgongoni na kwenda kushushwa tumboni. Mliona boda boda anayekukamata stendi hata hujasema unakwenda wapi, akakushusha mtaa wa mbali? Ndivyo. Kwa hiyo kunyamazishwa kwa upande mmoja ndiko kunakoongeza kelele upande mwingine, na katikati panapatikana viwango vya kila daraja, toka juu hadi chini, na kila kiwango kina tishu yake.

Hiyo ndiyo sababu ukikigawa kiinitete cha chura katikati kwa kitanzi cha unywele, kila nusu ikapata sehemu ya mratibu, unapata viluwiluwi wawili kamili, wadogo lakini hawakupungukiwa kitu. Hakuna ramani iliyochorwa juu ya seli moja moja. Kuna wanaotema na wanaozuia, kuna wanaokata, na mizani inajiweka sawa upya ndani ya ukubwa wowote ulio nao.

Pembeni kidogo, kwa wanaopenda historia. Mwaka 1822 Mfaransa Étienne Geoffroy Saint-Hilaire alimtazama kamba-mti aliyepasuliwa akasema, huyu ni kama sisi tuliopinduliwa juu chini: neva zake ziko tumboni, utumbo uko mgongoni. Wakamcheka. Inzi wa matunda ana jeni ya aina ya BMP na jeni ya aina ya kordini, na kwake zimekaa juu chini: kordini yake iko tumboni, na mfumo wake wa neva uko hukohuko tumboni. Kwake kama kwetu, kiinitete kikiwa kichanga, BMP inaponyamazishwa ndipo panapoota neva. Mfaransa alikuwa na haki, ila alikuwa amefariki siku nyingi.

Nimebaki kwenye BMP tu, lakini mtanishtaki nisipotaja wengine. Kuna Wnt, protini nyingine ya tangazo, ambayo nayo inazuiwa huko nje na protini iitwayo Dickkopf. Hilo ni neno la Kijerumani la kumwambia mtu kichwa ngumu. Kuna inayoitwa kalunguyeye, kwa sababu kiluwiluwi cha inzi kinachoikosa huota vinywele tele mwilini kama mnyama huyo, na kwa wanyama wenye uti wa mgongo mojawapo ilipewa jina la kalunguyeye wa mchezo wa video. Na kuna nungunungu, kimeng'enya kinachoivalisha Wnt mafuta kabla haijatoka. Kwa hiyo mwanafunzi wa somo hili hufanya mtihani juu ya kalunguyeye, nungunungu na vichwa vigumu. Usiniulize nani aliruhusu.

Sasa niwaoneshe kitu ambacho kila mmoja wenu anacho nyumbani. Mkirudi, mkamateni kuku mtazame mguu wake. Vidole vimeachana. Kisha mkamateni bata. Kati ya kidole na kidole kuna ngozi. Wakiwa kwenye yai, katika siku za mwanzo, miguu yao inafanana: yote ni kama kasia dogo, na vidole vimo ndani kama vijiti ndani ya mkate. Kwenye mguu wa kuku, seli zilizo kati ya vidole hutoa BMP, na safari hii tangazo si la kuwa ngozi. Ni la kufa. Seli zinakufa kwa utaratibu, ngozi inayeyuka, vidole vinaachana. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mikono yenu pia. Mwaka 1996 Hongyan Zou na Lee Niswander waliviharibu vipokezi vya BMP kwenye mguu wa kifaranga ndani ya yai, na kuku yule akapata miguu ya bata.

Na bata je, yeye hana BMP? Anayo, mahali palepale. Ila kati ya vidole vyake seli zinatema pia protini nyingine ya kukamata BMP, iitwayo gremlini. Tangazo la kufa linatoka, linakamatwa mlangoni, ngozi inabaki, bata anaogelea. Kuku na bata wametofautishwa na aliyewekwa kuzuia. Bibi yangu alikuwa akituambia bata ana ngozi hiyo kwa sababu alikopa nguo ya kuku akakataa kurudisha, na nikiifikiria vizuri hakuwa mbali sana.

Kunja kidole chako sasa hivi. Palipojikunja ni kiungo, na kiungo ni mahali ambapo mfupa uliambiwa usiote. Nogini inamwagwa hapo kiinitete kikiwa kinajenga mkono. Panya aliyezaliwa bila nogini anakuwa na ufito wa mfupa mahali pa vidole vyenye viungo. Kwa binadamu wapo watu, katika koo chache, wenye kasoro kwenye nakala moja ya jeni hiyo, na baadhi ya viungo vya vidole vyao vimeungana tangu utotoni. Upande wa pili uko ugonjwa nadra mno ambao kipokezi cha BMP chenyewe kina kasoro; chanzo chake kiligunduliwa mwaka 2006. Mtoto huzaliwa akiwa mzima isipokuwa dole gumba la mguu limepinda, kisha mwaka baada ya mwaka misuli yake inageuka mfupa, hasa akianguka au akidungwa sindano ya msulini. Kipokezi kimeanza kusikia tangazo ambalo hakikutumiwa. Madaktari walio hapa, mkimwona mtoto mwenye vidole gumba vya miguu hivyo na uvimbe mgumu mgongoni, msikimbilie kukata nyama ya kupima. Kukata kunaongeza mfupa.

Na kwa kuwa najua swali la kwanza litakuwa mgongo wazi, ngoja nilijibu kabla halijaulizwa. Mrija wa neva wa mtoto hufunga kufikia siku ya 28 hivi baada ya mimba kutungwa, mama mara nyingi ndiyo kwanza anaanza kuhesabu tarehe. Panya wasio na nogini huzaliwa mrija haujafunga. Lakini mgongo wazi wa watoto wetu una sababu nyingi zilizosukana, na sitasimama hapa niwaambie chanzo chake ni nogini. Atakayewaambia hivyo anawauzia kitu. Kilichothibitika kupunguza hatari ni asidi ya foliki, nayo inafaa iwe mwilini kabla ya mimba. Ndiyo maana ya kuongezwa kwenye unga wa viwanda vikubwa, ambako Tanzania kumewekewa kanuni tangu 2011, na ndiyo maana vile vidonge vya kuongeza damu anavyopewa mama akienda kliniki mwezi wa nne wa mimba ni vizuri kwa damu yake, ila kwa mgongo vimechelewa.

Saa yangu inasema tisa kasoro dakika tatu. Mwalimu aliye karibu na beseni, tafadhali ondoa kitambaa.

Mayai hayo yana nusu nyeusi na nusu nyeupe. Hadubini mbili ziko tayari. Vuteni yai moja kwa mrija taratibu, mligeuze upande mweupe uangalie juu, kisha tafuteni karibu na mpaka wa rangi mbili, kidogo upande wa weupe. Patakuwa na mstari mweusi uliopinda, mwembamba kama mwezi mwandamo. Huo ndio mdomo. Wakati huu ninaposema nanyi unatema kordini, na seli za jirani yake zimeanza kutosikia. Pangeni foleni, wadogo mbele, na msipumulie juu ya maji.